Sura ya Sita: Fungua Njia Palipobana

Kwenye kabati la kioo la duka la simu Bariadi mjini, sanduku la ruta limeandikwa AC1200 kwa tarakimu zinazosomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtu aliyetoka Nkololo kuja kuinunua ana haki ya kudhani kwamba anaondoka na megabiti 1,200 kwa sekunde. Ageuze sanduku. Nyuma, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, huwa kuna mstari unaotaja tundu za waya, na mara nyingi umeandikwa 10/100. Maana yake ni kwamba kompyuta ikichomekwa hapo kwa kebo haitavuka megabiti 100 kwa sekunde, na ukipima utaona 94 au 95 tu, kwa sababu kila pakiti ya data husafiri na anwani na vitambulisho vyake, navyo hula nafasi.

Ile 1,200 imetoka wapi? Ni jumla ya redio mbili za waifai zilizomo ndani ya ruta: 300 ya masafa ya GHz 2.4 na 867 ya GHz 5, halafu kiwanda kikazungusha hesabu kwenda juu. Usimlaumu kijana wa dukani, kwani ndivyo viwanda vinavyoandika dunia nzima. TP-Link wana Archer C50 na Archer C6, zote zikiitwa AC1200. Ya kwanza ina tundu za megabiti 100, ya pili za megabiti 1,000. Anayetaka mtandao wa waya asome nyuma ya sanduku, mbele amwachie anayenunua kwa macho.

Hata hivyo, kabla ya kupanda gari kwenda Bariadi kuna kazi ya kufanya nyumbani, na haigharimu kitu. Nkololo ni kata ya wakulima wa pamba, na kila mkulima anaijua foleni ya AMCOS, chama cha ushirika, msimu wa ununuzi ukifunguliwa: hata mikokoteni ingeongezwa mara tano, mzani ukiwa mmoja, pamba itapimwa kwa kasi ya mzani huo. Mtandao wa nyumbani nao una mzani wake, yaani sehemu moja inayobana kuliko nyingine zote. Kuweka swichi ya kisasa pasipobana ni kununua mkokoteni wa sita.

Njia yenyewe ni ndefu. Data inaingia Tanzania kupitia nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam. SEACOM ilifika Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Kutoka pwani inapanda bara kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, faiba ambayo ujenzi wake ulianza 2009 na ambayo iko chini ya TTCL. Mijini faiba hiyo siku hizi inaingia hadi sebuleni. Vijijini Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012, nyumba nyingi hupata intaneti kwa hewa: kutoka mnara wa simu hadi kwenye modemu ya 4G, na kutoka modemu hadi kwenye simu na kompyuta za watu. Kipande hicho cha hewa, kutoka mnarani hadi ukutani kwako, ndicho kinachobana mara nyingi.

Basi pima. Chomeka kompyuta kwenye modemu kwa kebo fupi, zima waifai, pima kasi alfajiri, kisha rudia saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Chukua nyumba ya kawaida inayopata megabiti 35 alfajiri na 12 usiku. Tofauti hiyo haitokani na waya. Ni watu wengi wanaogawana mnara mmoja, na hakuna swichi wala kebo itakayogeuza 12 kuwa 50. Sasa hamia chumba cha mbali, pima kwa waifai. Ukipata 4 pale ambapo kebo ilikupa 12, hapo kuna kosa la ndani ya nyumba, na hilo dawa yake ipo dukani.

Kuta za tofali za kuchoma hunyonya mawimbi ya waifai, hasa yale ya GHz 5, na kuta za mabati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo watu wengi huiweka modemu katikati ya nyumba ili kila mtu apate kidogo. Kwa mtu anayetegemea mnara hilo ni kosa, maana katikati ya nyumba ndipo mawimbi ya mnara nayo yanafika yakiwa yamechoka. Modemu inapaswa kukaa karibu na mnara kadiri inavyowezekana, na wewe ukae unapofanyia kazi. Hayo mawili huunganishwa na waya. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa ya kebo ya mtandao katika nyumba ya Nkololo, kubwa kuliko kasi yoyote iliyoandikwa kwenye sanduku: inakupa ruhusa ya kuiweka modemu kwenye dirisha linalotazama mnara, au juu ya mlingoti, wakati meza yako iko upande wa pili wa nyumba.

Kulipata dirisha lenyewe hakuhitaji kubahatisha. Fungua ukurasa wa mipangilio wa modemu kwa kivinjari, tafuta mstari wa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Utakuta namba hasi: 85 hasi ni nzuri, 100 hasi inavumilika, 115 hasi ni ya kuhangaika. Tembea na modemu nyumba nzima, ngoja kidogo kila unaposimama, andika namba. Kuhama kutoka kona moja hadi dirishani kunaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kununua modemu mpya. Kama hata dirishani namba bado ni mbaya, hapo ndipo modemu ya nje inapostahili fedha yake, ile inayofungwa kwenye mlingoti na kupokea umeme na data kwa kebo moja.

Neno moja kuhusu modemu zenyewe. Nazo huandikwa Cat 4 au Cat 6, na hiyo Cat haihusiani kabisa na Cat ya madaraja ya kebo. Modemu ya Cat 4 imeundwa kupokea hadi megabiti 150, ya Cat 6 hadi 300, mnara ukiruhusu. Mtu anaweza kuchomeka kebo ya Cat 6 kwenye modemu ya Cat 4 na asipungukiwe na lolote. Ukiletewa modemu iliyotumika kutoka ng'ambo, uliza kwanza kama haijafungwa kwa kampuni moja, na kama masafa yake ni ya huku, kwani zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hazilingani zote na minara yetu.

Swichi haitatuchukua muda. Ni kisanduku cha kugawa kebo moja iwe nyingi, na kwa nyumba au duka la stesheneri tundu tano zinatosha, nane kama kuna kamera. Nunua isiyo na mipangilio, ya kuchomeka na kusahau. Tofauti ya maana ni ileile ya 10/100 na 1,000, na kwa TP-Link unaisoma kwenye herufi moja: SF1005D ni ya megabiti 100, SG1005D ni ya 1,000. Kwa kuwa intaneti yenyewe haifiki 100, mtu atauliza 1,000 ya nini. Swali zuri. Kwa kuangalia video na kusoma habari, ya nini kweli. Lakini mwenye studio ya picha au banda la video anayehamisha faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine hapohapo ndani ataiona faida siku ya kwanza: faili la gigabaiti 1 ni megabiti 8,000, kwa hiyo linachukua karibu dakika moja na nusu kwenye swichi ya 100, na sekunde 9 hivi kwenye ya 1,000. Kamera nane zinazotuma megabiti 4 kila moja ni 32 tu, hizo hata swichi ya zamani inazimudu. Vifaa vya 2.5 na 10 vinavyosifiwa siku hizi waachie walio na faiba ya kuvijaza.

Kwenye kebo ndipo watu wanapopigwa, tena bila kujua. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbilimbili. Mfumo wa megabiti 100, uliosanifiwa 1995, hutumia nyaya nne tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Wa megabiti 1,000 kwa shaba, wa 1999, hutumia zote nane. Ndiyo sababu kebo iliyokatika waya mmoja wa kahawia inaweza kukaa miaka ukutani ikionekana nzima: mtandao unashika, taa zinawaka, ila vifaa vimejishusha kimyakimya hadi 100. Kompyuta yako inakuambia ukiiuliza. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna mstari wa kasi ya kiungo, usome kama ni 100 au 1,000.

Kwa madaraja, Cat 5e inatosha kwa megabiti 1,000 hadi mita 100, na mita 100 ndiyo mwisho kwa zote. Cat 6 ni nene kidogo, inabeba 1,000 kwa raha na hata 10,000 kwa umbali mfupi wa mita 55 au pungufu. Kama bei zinakaribiana chukua Cat 6. Lakini daraja ni jambo dogo ukililinganisha na kilichomo ndani ya waya. Soko limejaa kebo ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu, zenye alama ya CCA, au zisizo na alama yoyote kwa sababu aliyezitengeneza hakutaka usome. Viwango vya kimataifa vya kebo za Cat 5e na Cat 6 vinadai shaba tupu, kwa hiyo kebo ya CCA iliyoandikwa Cat 6 inajipa cheo isichostahili.

Dukani mazungumzo huwa hivi:

"Mama, chukua hii, Cat 6 orijino. Boksi zima mita 305."

"Ni shaba tupu au imepakwa?"

"Zote shaba tu hizo, mama."

"Haya mwanangu, niazime wembe."

Wembe ndio hakimu. Menya ncha ya kebo, toa waya mmoja, ukwangue taratibu. Shaba tupu ni nyekundu hadi moyoni. Ya kupakwa inatoa weupe kwenye mkwanguo wa pili au wa tatu. Ukinyimwa wembe, nyanyua boksi: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ujazo uleule, na boksi la mita 305 linaloinuliwa kwa kidole kimoja limeshajieleza. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba, na inakatika upesi ikikunjwa mara kadhaa. Kwenye kebo fupi ya mezani huenda usione tofauti. Kwenye mita 60 zinazopanda mlingotini kupeleka umeme na data kwa modemu ya nje, utaiona: volti zinashuka njiani, waya unapata joto, modemu inazima na kuwaka, na lawama inapelekwa kwa mtandao wa simu.

Baada ya kebo kuna fundi. Vichwa vya RJ45 hubanwa kwa koleo maalumu, na rangi zina mpangilio unaotumika zaidi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Tazama jinsi kijani kilivyotenganishwa na bluu ikaingia katikati. Fundi mwenye haraka huona hilo kama usumbufu, akapanga jozi kwa jozi, chungwa, kijani, bluu, kahawia, pande zote mbili sawasawa. Kipimo chake cha taa kinawaka 1 hadi 8 bila kuruka, analipwa, anaondoka. Tatizo ni kwamba nafasi ya 3 na ya 6 zinatakiwa zitumie waya mbili zilizosokotwa pamoja, naye amezigawa kwenye misokoto miwili tofauti. Msokoto ndio unaozuia nyaya zisisikilizane. Ukiuvunja, data inaingiliana, inarudiwarudiwa, na kasi inayumba bila sababu ya kuonekana. Simama naye anapobana, hesabu rangi, na uangalie asifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo kabla ya kichwa. Hakuna fundi mzuri anayekasirika kutazamwa.

Nje ya nyumba mambo yanabadilika. Kebo ya ndani ina ganda ambalo jua la Simiyu hulipasua. Ya nje ina ganda jeusi gumu linalovumilia jua, na hiyo ndiyo ya kupanda mlingotini. Ukitaka kuifukia kwenda nyumba ya pili, angalia udongo. Kwenye luseni, ardhi ya kichanga, kuchimba ni rahisi na kebo inatulia. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi, kiangazi ardhi inapasuka nyufa za kuingia mguu na masika inavimba, na kebo iliyolala humo bila bomba huvutwa huku na huku mpaka ichoke. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki, nalo lizibwe ncha zote mbili, la sivyo panya wanahamia.

Kisha kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na Simiyu imo ndani yake. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mti wa jirani, kebo ndefu ya shaba inayokatiza uwanja hugeuka mtego wa umeme, na kinachokufa kwanza ni tundu za ruta, kinachofuata ni kompyuta. Mlingoti wa chuma uwe na nondo yake ya eathi iliyopigwa ardhini, na kebo ipite kwenye kinga ya radi kabla ya kuingia ndani. Kinga isiyo na eathi ni pambo.

Kwa kuunganisha majengo mawili, nyumba na duka la barabarani kwa mfano, mimi ningeacha shaba kabisa. Chukua kipande cha faiba kilichokatwa na kufungwa vichwa dukani, na vibadilishi viwili, kimoja kila upande, vinavyogeuza mwanga kuwa umeme wa kebo ya kawaida. Faiba ni kioo, haipitishi radi, na mita 300 kwake si kitu. Lazima uchague waya usio na chuma cha kuubebea, au ukate chuma hicho mbali na vifaa, vinginevyo umeirudisha radi kwa mlango wa nyuma. Vibadilishi hivyo vilikuwa vitu vya makampuni. Siku hizi mafundi wa kamera wanavijua, waulize wao kabla ya wauza simu.

Umeme ukikatika, waya wote huo ni kamba tu. Modemu na swichi, kwa bahati nzuri, hazili sana. Tuseme modemu inakula wati 8 na swichi 3, jumla 11. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, ile ndogo ya kengele za ulinzi, ina wati-saa 84, na ukitumia nusu yake ili isife mapema, unabaki na 42. Gawa kwa 11, unapata karibu saa 4 za kazi. Wenye sola watashawishika kuchomeka modemu moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa zote zimeandikwa 12. Wasifanye hivyo. Betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ruta nyingine hazitaki hata 12, zinataka 9. Weka kirekebisha volti katikati, au nunua kibetri cha ruta kilichoundwa kwa kazi hiyo, ukilinganisha volti zake na zilizoandikwa chini ya kifaa chako.

Ukilipa, dai risiti ya EFD na uandikishe namba ya kifaa juu yake, kwani swichi iliyokufa wiki ya pili hubadilishwa kwa karatasi, si kwa maelezo. Na kama fedha iliyopo mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, kisiwe ruta mpya wala swichi. Nunua kebo ya nje ya shaba tupu, yenye urefu wa kutoka dirisha lenye mawimbi hadi kwenye meza yako, ubaniwe vichwa viwili kwa mpangilio sahihi. Modemu uliyonayo sasa itakushangaza, na swichi inaweza kungoja mauzo ya pamba.